Ubao wa Katikati

Rangi ya samawati ilianzia upande wa Kaulepani na kuishia katikati ya daraja. Rangi ya kijani ilianzia upande wa Okhalgaira, nayo ikaishia katikati. Mafundi wa pande zote mbili walipaka siku moja, wakapeana sigara za bidi, wakaazimana brashi, na walipokutana juu ya mto Bhorle wakagundua kwamba mbao za daraja hazigawanyiki kwa mbili. Ubao mmoja ulibaki. Fundi wa Kaulepani alisema si wa kwao. Fundi wa Okhalgaira akasema hata wao hawakutumwa kufika pale. Wakaupangusa vumbi kwa adabu, kila mmoja akageuka akarudi kwao.

Hiyo ilikuwa baada ya nchi kuacha kuwa na serikali moja na kuanza kuwa na tatu: serikali kuu, ya jimbo na ya halmashauri. Mpaka wa majimbo ulipita katikati ya Bhorle, kwa hiyo Kaulepani ikaangukia jimbo moja na Okhalgaira jingine, vijiji ambavyo siku zote vilikuwa vikiazimana chumvi na kuozeshana watoto. Mwaka uliofuata kila halmashauri ilibadilisha mbao za nusu yake, mbao ngumu, zilizorandwa vizuri. Ule wa katikati ukabaki ule ule wa zamani.

Daraja lenyewe lilijengwa enzi za serikali moja. Baba yake Batuli Pariyar alikuwa miongoni mwa wanaume waliokwenda mji mkuu kuliomba. Walilala kwenye baraza la hekalu, wakaambiwa warudi mwakani, wakarudi mwakani. Lilipokuja lilikuwa refu kuliko mto, maana bwana fulani huko mji mkuu, ambaye Bhorle hajawahi kuiona, alikuwa na kipimo kimoja kwa mito yote ya nchi. Ikabidi kamba za chuma zifungwe mbali, juu mlimani, na watu wapande kwanza ndipo wavuke. Kibao chake kilikuwa na jina la kijiji kingine kabisa. Hakuna aliyelalamika. Kina Pariyar walipiga ngoma mpaka ngozi zikachanika, kisha wakavuka wa mwisho, kama ilivyokuwa desturi.

Batuli alikuwa fundi cherehani. Watu wa ukoo wake ndio waliokuwa washonaji na wapiga zumari wa kijiji, na nyumba za tabaka la juu zilivaa walichoshona na kucheza walichopiga, ila maji yaliyopita mikononi mwao hazikuyanywa. Sheria ya serikali tatu ikasema kila baraza la kata liwe na mwanamke mmoja wa tabaka la chini kama lao. Ndivyo Batuli alivyolala fundi akaamka mheshimiwa. Na tusimnyime mtu haki yake: mwaka wake wa kwanza tu bomba la maji lilifika kitongojini kwao, bomba ambalo serikali moja ililiahidi tangu yeye hajaota meno. Mwenyekiti wa kata, Ghanashyam Adhikari, alipatikana kila asubuhi dukani akinywa chai, na mwenye dukuduku lake alimgombeza hapo hapo uso kwa uso. Zamani mtu wa kugombezwa aliishi mbali, ukifika umeshachoka na hasira zimepoa.

Aliyemlea Batuli ni kaka yake, Hasta Bahadur. Wazazi walifariki msimu mmoja wa mvua, wote wawili, na Hasta Bahadur, ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, akawa anambeba mdogo wake mgongoni kila asubuhi kuvuka daraja kwenda shule ya Okhalgaira, kwa kuwa ya Kaulepani haikuwa na paa. Hakuoa. Akiulizwa alisema amepiga zumari kwenye harusi za watu mpaka hamu imemwisha. Batuli alijua si kweli. Daftari zake, sare zake na baadaye ile cherehani ndivyo vilivyokula harusi ya kaka yake, na hilo hawakuwahi kulizungumza.

Hasta Bahadur alikufa mwezi wa Phagun, akiwa kazini. Bwana harusi alikuwa wa Kaulepani, bibi harusi wa Okhalgaira, naye alitangulia mbele ya msafara na zumari lake, mashavu yamejaa. Alipokanyaga ubao wa katikati, ubao ulivunjika ukaenda na maji. Yeye hakwenda nao. Alikufa haraka kiasi kwamba hakupata nafasi ya kuanguka. Alibaki amesimama pale ubao ulipokuwa, hewani, zumari mkono wa kushoto, na chini yake Bhorle ikaendelea na safari yake.

Msafara ulisimama. Shangazi yake bwana harusi akawakumbusha kwamba saa njema ya ndoa iliyopangwa na mnajimu haingoji mtu.

"Pole tutazitoa tukirudi," alisema. "Haya, piteni pembeni yake."

Pengo lilikuwa pana kwa mwenye sari na viatu vya harusi. Hasta Bahadur, ambaye maisha yake yote hakuweza kumwona mtu akihangaika asimsaidie, alinyoosha mkono wa kulia. Wakaushika mmoja mmoja, bwana harusi kwanza. Ulikuwa wa baridi, lakini imara.

Mhudumu wa afya alikuja kesho yake, akamsikiliza kifua, akasema amekufa. Hasta Bahadur alisema hata yeye alidhani hivyo. Walijaribu kumbeba. Akibebwa kuelekea samawati, alikwenda hatua moja, kisha miguu yake ikarudi pale pale. Akibebwa kuelekea kijani, vivyo hivyo. Mhudumu wa afya alifunga mkoba wake, akaeleza kwamba maiti ambayo haijaandikishwa huwa haisogei, na kuandikisha si kazi ya zahanati, ni kazi ya kata.

Batuli akaenda katani, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa na kiti.

"Mwenyekiti, naomba kifo cha kaka kiandikwe."

"Pole sana, dada Batuli. Hasta alikuwa mtu wetu. Mimi nimeoa kwa zumari lake." Ghanashyam alimwagizia chai, akachukua kalamu. "Mahali pa kifo tuandike wapi?"

"Darajani."

"Darajani sehemu gani?"

"Katikati."

Ghanashyam akaiweka kalamu chini. "Hapo ndipo pagumu. Nikiandika katikati, nimeukubali ubao. Nikiukubali ubao, nimeukubali msiba uliotokea juu yake, pamoja na fidia. Na wale wa ng'ambo watasema tumeuchukua mto wote, na mchanga wake. Itakuwa kesi ya majimbo mawili hiyo. Hilo liko nje ya uwezo wangu."

"Kwani uwezo wako unaishia wapi?"

"Kwenye rangi ya samawati," alisema, na alisema kweli.

Kata ya Okhalgaira walimweleza, nao kwa masikitiko, kwamba uwezo wao unaishia kwenye kijani. Halmashauri zote mbili zilimpeleka kwa majimbo. Jimboni alijibiwa kwamba daraja linalounganisha majimbo mawili haliwezi kuwa la jimbo lolote, ni la serikali kuu. Akapanda basi mpaka mji mkuu. Huko, ndani ya jengo lenye bustani, kijana mmoja mwenye tai alimfungulia katiba na kumwonyesha kwa kidole kwamba madaraja ya waenda kwa miguu yameshushwa vijijini, moja kwa moja, kwa heshima zote.

"Serikali sasa ni nyinyi wenyewe, mama," alimwambia kwa moyo mweupe. "Hongereni sana."

Baba yake, enzi zile, alikataliwa akiwa amesimama. Batuli alikataliwa kila mahali akiwa amekaa, na kikombe cha chai mkononi. Usiseme hayo si maendeleo. Ila baba yake, baada ya kukataliwa sana, alirudi na daraja, na yeye alirudi na bahasha ya peremende aliyoinunua stendi.

Vijana wa Kaulepani wakaona serikali zinawachosha. Walipasua ubao wenyewe, wakaubeba begani wakiimba. Vijana wa Okhalgaira wakasikia nyimbo, wakapasua wao, kwa sababu atakayeweka ubao katikati ndiye mwenye katikati. Mbao mbili zilikutana kwenye pengo ambalo lilitosha moja. Wakasukumana, mmoja akapoteza jino. Polisi, ambao ni wa serikali kuu, walikuja wakazichukua mbao zote mbili kama ushahidi. Ziko kituoni hadi leo, zimewekewa matofali huku na huku, wenye shida huzikalia wakisubiri kusikilizwa.

Basi Hasta Bahadur akaendelea kuvusha watu. Asubuhi walipita watoto wa shule, walioona raha kurushwa juu ya maji, wengine wakarudi kupanga foleni tena mpaka wakafokewa. Walipita wenye mitungi ya maziwa, wenye mbuzi, mwenye kabati la vioo mgongoni. Bibi Tulasa, mjane wa kuhani, alikaa wiki nzima bila kwenda kwa binti yake, kwa sababu hakuna mtu wa nyumba yake aliyewahi kushika mkono wa Pariyar, sembuse Pariyar mfu. Mwisho akaja.

"Nafumba macho," alisema. "Nikifumba macho, wewe hujanishika."

"Sijakushika, bibi. Nyanyua mguu wa kulia."

Akavuka. Ng'ambo akachovya pete yake ya dhahabu kwenye kikombe cha maji, akajinyunyizia kuondoa unajisi, akaendelea na safari. Tangu siku hiyo alipita kila Jumanne, macho yamefumbwa, na kikombe chake kwenye kikapu.

Magharibi daraja lilipotulia, Batuli alipeleka chai. Alikaa pale samawati ilipoishia, miguu ikining'inia juu ya maji, kaka yake amesimama mkabala naye. Hasta Bahadur hakunywa, ila alipenda kushika kikombe. Kikipoa, Batuli alimwaga chai mtoni akarudi nacho.

"Leo mheshimiwa umekuja mikono mitupu? Hata peremende?"

"Peremende za kazi gani, na wewe hulambi?"

"Nawapa watoto. Nina cheo hapa, usinidharau."

"Nipigie basi kidogo, kaka. Ule wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao."

Alilitazama zumari mkononi mwake. "Pumzi ndiyo sina, mdogo wangu. Vidole vinakumbuka vyote. Pumzi tu."

Batuli alimwona kaka yake kila siku, na kila siku alimkosa. Alikuwa na majirani waliochoma maiti za ndugu zao kando ya mto, wakalia, wakanyoa, wakavaa nyeupe mwaka mzima, na mwaka ukaisha. Yeye alimwonea wivu kila mwenye majivu. Hakuvaa nyeupe, kwa sababu hakuna karatasi iliyosema amefiwa. Alipika ugali wa ulezi wa watu wawili kwa mazoea, akala wa mmoja. Na juu ya yote alilikosa zumari, ambalo zamani lilimtangulia kaka yake kufika nyumbani, likashuka mlimani peke yake, naye akalisikia akajua sasa ni wakati wa kuchochea moto.

Jioni moja Hasta Bahadur alisema, bila mzaha, "Nimechoka miguu. Mama anakaanga maandazi ya sel huko, nasikia harufu. Kila upepo ukigeuka nasikia."

Batuli aliwajua wafu kuwa hawasemi ovyo. Kesho yake akadai kikao cha kata zote mbili.

Kikao kilifanyika darajani penyewe. Wajumbe wa Kaulepani walikaa kwenye samawati, wa Okhalgaira kwenye kijani, na Hasta Bahadur katikati akawa anapitisha sahani ya biskuti kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ng'ambo, kwenye kiti cha mwisho, alikaa Phulsari Bishwakarma, mke wa mhunzi, aliyeingia barazani kwa sheria ile ile iliyomwingiza Batuli. Walisalimiana kwa macho.

Batuli alisimama. Alisema ubao ni mmoja. Alisema hata mwanamke mmoja anaweza kuubeba. Alisema aandikwe mtu amekufa, iwe samawati, iwe kijani, yeye hana ubaguzi, mradi kaka yake ashuke.

Walimsikiliza vizuri. Kisha mwenyekiti wa Okhalgaira akauliza, tangu ajali ile, kuna mtu mwingine yeyote aliyeanguka? Wakatazamana. Hakuna. Mbuzi je? Hata mbuzi. Ikaonekana kwamba daraja halijawahi kuwa salama kiasi hicho tangu lijengwe. Ghanashyam akasema, kwa kuwa vipaumbele ni vingi na mfuko ni mmoja, si busara kutengeneza kitu kinachofanya kazi. Ikapitishwa kwa kunyoosha mikono kwamba suala la ubao liondolewe kwenye mipango ya mwaka, pande zote mbili. Na kwa kutambua huduma ya ndugu Hasta Bahadur, na kwa kuwa masika yako njiani, apewe koti la mvua.

"Mimi nimeomba ubao," Batuli alisema. "Sikuomba koti."

"Dada Batuli," Ghanashyam alisema taratibu, na hakuwa mtu mbaya, "ubao ni sera. Koti ni huruma. Huruma iko ndani ya uwezo wetu."

Phulsari peke yake ndiye aliyekataa kunyoosha mkono, pamoja na Batuli. Mikono miwili dhidi ya yote iliyobaki. Halafu ikabidi apatikane fundi wa kushona koti, na pande zote zikakubaliana, kwa mara ya kwanza tangu nchi igawanywe, kwamba fundi mzuri kuliko wote ni mjumbe mwenyewe.

Akalishona. Kitambaa kilikuja nusu samawati nusu kijani, kila halmashauri imetoa chake. Alimpima kaka yake begani, akampima mgongoni, ule mgongo aliokuwa akiulalia usingizi kabla hawajafika shuleni, na mkanda wa kupimia ukasoma vipimo vile vile vya alipokuwa hai. Mshono aliupitisha mara mbili ili maji yasiingie. Aliushona vizuri, akajichukia kwa kuushona vizuri. Masika yote Hasta Bahadur alivusha watu akiwa mkavu.

Ikafika Tihar. Siku ya mwisho ya sikukuu hiyo dada huwapaka kaka zao tika ya rangi saba kwenye paji la uso, huwavisha shada la maua yasiyonyauka, kisha huwazunguka wakidondosha mafuta ya haradali na maji. Yama, mfalme wa kifo, hawezi kuvuka duara hilo mpaka Tihar nyingine. Batuli alimzunguka kaka yake hivyo kila mwaka tangu alipoweza kushika birika.

Safari hii aliwaza sana akikaanga sel. Kaka yake alikufa Phagun. Mafuta aliyomdondoshea Tihar iliyopita yalikuwa na nguvu mpaka leo. Hakuna ajabu basi kwamba Yama hakutuma mtu miezi yote hii. Atume apite wapi? Hao wenyeviti nao wana yao, lakini mwenye kufunga njia alikuwa ni yeye, kwa mkono wake na birika lake. Wazo hilo lilimuuma na kumpa raha kwa pamoja. Aliloweza kulifunga aliweza kuliacha wazi.

Mchana alikwenda darajani akampaka kaka yake tika, rangi moja baada ya nyingine, akamlisha sel ambayo hakuila. Birika la mafuta alikuwa nalo. Alilifunika.

"Humwagi?" Hasta Bahadur aliuliza.

"Simwagi."

Akamtazama mdogo wake. "Umekua," alisema.

Alasiri mjumbe wa Yama akaja. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, wa koti la kijivu, akivuta dume la nyati kwa kamba. Mnyama aligoma kupanda darajani, akamfunga kwenye nguzo upande wa Kaulepani akaja kwa miguu. Waliokuwa wakivuka walimpisha. Batuli alisogeza sahani ya sel ili apate pa kusimama.

"Hasta Bahadur Pariyar?"

"Ndiye mimi."

"Wa kata gani?"

"Amezaliwa Kaulepani," Batuli alisema.

"Sikuuliza kazaliwa wapi, mama. Kafia wapi?"

"Hapo hapo alipo."

Mjumbe aliinama. Aliangalia samawati, akaangalia kijani, akaangalia maji yaliyoonekana kati ya miguu ya Hasta Bahadur. Akashusha pumzi kama mtu ambaye kazi hiyo hiyo imemshinda na jana.

"Zamani ilikuwa rahisi," alisema. "Majina yalitoka mji mkuu, yote kwa pamoja, yamepigwa muhuri mmoja. Makosa yalikuwa mengi, siwezi kuwaficha. Nimeshachukua watu wasio wenyewe, nikachukua kijiji kizima kwa kuchanganya mabonde. Lakini nilichukua. Sasa majina yanatoka kila kata, yameandikwa vizuri, kila mtu na nyumba yake, mpaka jina la utani. Sikosei tena. Ila asiye na kata sina pa kumsainia."

"Mchukue tu," Batuli alisema. "Mimi ni dada yake, na mimi ni mheshimiwa, nimekuruhusu. Sikumwaga mafuta. Tazama, pakavu."

"Nimeona," mjumbe alisema kwa upole. "Njia iko wazi, mama. Tatizo si njia."

Alimpiga Hasta Bahadur begani, akalisifu koti, akauliza nani kalishona. Kisha akarudi akamfungua nyati wake, na wakapanda mlima taratibu, maana nyati alikuwa mzee. Batuli akalia. Hakulia siku ya harusi, wala alipotoka mji mkuu, na sasa alilia mpaka mabega yakatikisika, kwa sababu hata kosa halikuwa lake, na kosa lingekuwa lake angeliondoa.

"Usilie, mheshimiwa," kaka yake alisema. "Nami nitalia, na utakuwa umeniharibia tika."

Phulsari alikuja kutoka upande wa kijani, ametoka kuwapaka kaka zake. Birika lake lilikuwa na mafuta yaliyobaki. Hakuuliza kitu, nyati alikuwa bado anaonekana mlimani.

"Mwaga, dada," alisema. "Kama haendi, basi angalau mabaya yasimguse. Upande huu nitamwaga mimi."

Batuli akafunua birika. Alidondosha mafuta na maji kwenye samawati, nusu duara nyuma ya kaka yake, na Phulsari akadondosha nusu duara kwenye kijani. Walipofika pembeni, huku na huku, ambapo nusu mbili zilitakiwa kukutana, hapakuwa na ubao. Mafuta yakadondokea Bhorle. Wakarudia mara ya pili na ya tatu kama inavyotakiwa, na mara zote yakadondokea Bhorle.

Shule ilipofunguliwa, Batuli alikuwa na sare za kupeleka Okhalgaira, furushi kubwa kichwani. Alipanga foleni kama wengine. Alipofika mwisho wa samawati kaka yake akanyoosha mkono, tika bado iko usoni, imekauka. Batuli akaushika kwa mkono wote, kama alipokuwa darasa la kwanza, na hakuuachia.

"Vuka, mdogo wangu," Hasta Bahadur alisema. "Watu wanangoja."

Nyuma yake Bibi Tulasa alikuwa ameshafumba macho. Batuli akavuka.